Paka kamparuza mtoto? Anza na sabuni

Mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, kaniuliza: mwanawe kaparuzwa mkono na paka wa uani, ngozi imechubuka ila damu haikutoka, je, amwache tu? Usimwache, dada yangu. Paka hulamba makucha yake, na mate ndiyo yanayobeba kirusi cha kichaa cha mbwa.

Kabla ya kuita bodaboda mkimbilie Bombo, hospitali yetu ya mkoa, osha kidonda. Dakika 15 kamili ukitazama saa, maji yanayotiririka na sabuni, hata kipande cha mche wa kufulia. Kirusi hiki kina utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Bomba likikauka, ndoo ya lita 20 na kopo vinatosha. Mimina zaidi kidogo ya lita moja kwa dakika. Wengi huacha mapema kwa sababu mtoto analia. Mpakate, mshike kiwiko, endelea. Kama ameng'atwa, jino la paka ni jembamba kama sindano: tundu huziba juu, vijidudu vikabaki chini. Tanua kingo taratibu maji yaingie, usisugue kwa brashi. Kisha kipake kidonda iodini.

Pilipili, unga wa kahawa, majivu, mafuta ya taa: nawasihi wazazi wenzangu, acheni! Vinaunguza nyama na kidonda hakioshiki tena. Wala msihimize kishonwe upesi, maana sindano ya kushonea huweza kusukuma kirusi ndani.

Mkwaruzo usiotoa damu unataka chanjo. Uliotoa damu, au mate yaliyoingia jichoni au mdomoni, unataka chanjo pamoja na kingamwili, yaani kinga iliyotengenezwa tayari, inayochomwa palepale kwenye kidonda. Chanjo huanza siku hiyohiyo, kisha siku ya 3 na ya 7. Ratiba nyingine huongeza ya 14. Mtoto mdogo huchomwa pajani, kamwe si takoni. Ulizeni na chanjo ya pepopunda.

Paka msimuue. Afungwe, aangaliwe siku 10, huku chanjo ikiendelea; akibaki mzima, daktari ndiye atakayeamua kama isimamishwe. Msidanganywe na kovu zuri: dalili mara nyingi huja baada ya miezi 2 au 3, na zikishaanza hakuna dawa ya kuponya.

Mkono uliong'atwa ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto, hata kama ni kesho yake, mrudisheni hospitali bila kungoja tarehe ya chanjo. Hapo bakteria wameingia, anahitaji antibiotiki.