Jibu: Boti ya mtumba Lamu, anza na mashine ikiwa baridi

Salaam kaka. Nimekuelewa: umezunguka Lamu, Shela na Mokowe, umeona boti tatu za faiba, kila mwenyewe anaapa mashine yake haijawahi kufunguliwa, na kila ukifika unaikuta tayari inanguruma. Hapo ndipo penye jambo. Mwambie asiiguse mpaka ufike, kisha weka mkono juu ya kifuniko. Kikiwa na joto, rudi siku nyingine. Mashine iliyochoka huwaka vizuri ikiwa moto. Asubuhi ikiwa baridi ndipo inapojisema.

Ikishawaka, tazama mchirizi wa maji unaotoka nyuma. Ukiwa dhaifu, ama pampu ya maji imekwisha ama chumvi imeziba njia. Izime, legeza skrubu ya chini kwenye gia. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Muuzaji akikukataza kufungua, umeshajibiwa.

Boti yenyewe: shika mguu wa mashine uutikise juu na chini. Ubao wa nyuma ukicheza, mbao za ndani zimeoza, na rangi mpya (wanapenda sana kupaka rangi!) haitibu hilo. Faiba iliyozibwa mimi siwezi kuitambua kwa macho, hapo mlipe fundi.

Usiijaribie gatini tu. Pakia watu, toka nayo mpaka mkondo wa Shela. Na pesa usitoe kabla ya kulinganisha namba ya mashine na karatasi, na kuuliza usajili wa boti Kenya Maritime Authority.