Mgonjwa wa Figo: Mchungeni Sana Jumapili

Mama yangu husafishwa damu Jumatatu na Alhamisi. Majirani zetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, wakija kumjulia hali huuliza figo zinaendeleaje. Mimi siku hizi wasiwasi wangu uko kwa moyo. Takriban robo ya vifo vya watu walio kwenye mashine ya kusafisha damu husababishwa na moyo kusimama ghafla: mtu amekula vizuri, amepiga gumzo, ameingia kulala, asubuhi haamki.

Moyo hupiga kwa umeme, na umeme huo hutegemea madini kama potasiamu yanavyoingia na kutoka kwenye seli zake. Figo nzima hutoa potasiamu ya ziada kwa mkojo. Zikifa, potasiamu hurundikana kwenye damu ikisubiri mashine. Kipimo cha kawaida ni kama milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita ya damu. Ikivuka 6.5, mapigo yanaweza kuvurugika wakati wowote, na mgonjwa huenda hajahisi chochote, pengine miguu kulegea kidogo tu. Tena moyo wenyewe mara nyingi umeshanenepa kwa miaka ya presha na maji kujaa mwilini. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie "lakini anaonekana yuko sawa."

Sasa hesabu siku. Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu kuna Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nzima bila mashine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 32,000 wanaosafishwa mara tatu kwa wiki, ulionyesha kwamba vifo huongezeka siku inayofuata lile pengo refu la siku mbili. Wao siku mbili, sisi tatu! Kusafishwa mara tatu kwa wiki wengi wetu hatumudu.

Na wikendi ya Nairobi unaijua. Jumamosi kuna ruracio, yaani sherehe ya mahari, Jumapili wageni baada ya kanisa. Kila mmoja anaingia na mfuko wa ndizi, maparachichi na machungwa, eti mgonjwa apate nguvu. Vyote hivyo vimejaa potasiamu. Nimezoea kupokea kwa heshima na kuwapa watoto, na shangazi zangu nimewaomba bila haya: mkija kwa Mama, leteni unga wa ugali au nauli ya kliniki.

Viazi hatujaviacha, maana mukimo, kile chakula chetu cha kuponda, bila viazi Mama haitambui. Tunavimenya, tunavikata vipande vidogo, tunavichemsha kwa maji mengi, tunayamwaga, kisha tunachemsha tena kwa maji mapya. Maji ya kwanza huondoka na sehemu kubwa ya potasiamu, kwa hiyo usiyafanye supu. Hata hivyo anapewa kidogo, na katikati ya wiki, si Jumapili. Jihadharini pia na ile chumvi ya supamaketi inayouzwa kama salama kwa watu wa presha. Nyingi hutengenezwa kwa potasiamu. Soma pakiti. Dawa za maumivu za duka la dawa, kama diklofenaki na ibuprofeni, usimpe kabla ya kumuuliza daktari wa figo.

Kuna siku mtaambiwa mashine imeharibika, rudini kesho kutwa. Msiondoke hivyo. Ombeni apimwe potasiamu na umeme wa moyo kabla hamjapanda matatu, na muulize ni kituo gani kingine kinaweza kumpokea. Kuruka zamu kwa sababu ya mvua au harusi, hilo nyumbani kwetu halijadiliwi.

Akianguka, haitiki na hapumui kawaida, mlaze chali sakafuni, weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, usukume kwa nguvu, kifua kizame sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwingine apige 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Usiache kusukuma ili umtafutie teksi. Ukiijua Jogoo Road saa za jioni, unajua gari halitafika upesi. Vijana wetu wawili wa nyumbani tuliwapeleka kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, na naona hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko yote.

Mkifika kwenye idara ya dharura, neno la kwanza liwe "ni mgonjwa wa figo, alisafishwa mara ya mwisho Alhamisi." Daktari akijua hivyo atafikiria potasiamu mapema: atampa kalsiamu kwenye mshipa kuukinga moyo, insulini na glukosi kuisukuma potasiamu irudi ndani ya seli, kisha mashine. Sisi tumeyaandika kwenye kadi pamoja na dawa zake zote, na iko kwenye pochi ya Mama, nyuma ya kitambulisho.