Shikamoo Yako Nayo Inashika Miguu

Msomaji anayejiita Mwana wa Pwani ameniandikia kutoka Bukoba. Ni mzaliwa wa Tanga, ana miaka 29, na ameolewa na Mhaya waliyekutana hukohuko Tanga alipokuwa akifanya kazi. Wana mtoto mmoja wa kike. Baba mkwe alipofariki, mume alirudi kwao na familia yake ili kushika kibanja, yaani shamba la nyumbani kwao. Huu ni mwezi wa kumi na nne tangu wahamie, na mwenzetu anasema ameshindwa. Mama mkwe anataka asalimiwe kwa magoti, chakula ni ndizi mchana na usiku, mvua haikatiki, makaburi yamo shambani hatua chache kutoka dirishani pake, ndugu wanazungumza Kihaya mbele yake "kwa makusudi", na mume, aliyekuwa mpole Tanga, siku hizi anakula kwa mama yake ndipo anarudi nyumbani. "Mimi si mtumwa wa mtu," anaandika, kisha anauliza kama atakuwa amekosea akimchukua mtoto na kurudi kwao "kupumzika kwa muda".

Mwanangu, pole kwa upweke. Kuamka mahali ambapo hakuna anayekuita kwa jina ulilolelewa nalo ni jambo linalouma, na ninalijua kwa sababu mimi mwenyewe niliolewa kutoka Pangani nikapelekwa Singida mwaka 1979, nikalia juu ya sahani ya mlenda mbele ya wakwe zangu. Pole hiyo ni ya kweli. Sasa tuzungumze, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipoirudia nilimwona mama mkwe wako kwa sura tofauti kabisa na ile uliyotaka niione.

Katikati ya barua umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba kila Jumamosi mama huyo huleta mkungu wa ndizi mlangoni pako, nawe humpa jirani kwa kuwa "hatuwezi kula ndizi wiki nzima". Ukaongeza kwamba siku moja alipita kwa jirani akauona mkungu wake ukutani, bado umefungwa kamba aliyoifunga kwa mikono yake, akasalimia na kuondoka. Jumamosi iliyofuata alileta mwingine. Wewe umeliandika hilo kuwa ushahidi kwamba anakulazimisha chakula. Mimi nimeona mwanamke mzee aliyedhalilishwa mbele ya jirani, akanyamaza, wala hata mwanawe hakumwambia, kisha akarudi tena na mkungu mwingine kichwani. Je, mama yako mzazi angefanyiwa hivyo, angerudi mara ya pili?

Huo si mzigo wa ndizi tu. Bukoba ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo unayoilalamikia ndiyo iliyowafanya Wahaya kuwa watu wa migomba kama sisi tulivyo watu wa minazi. Kibanja ni migomba, kahawa na maharage vikilelewa pamoja kuizunguka nyumba, kwa samadi na majani ya kufunika udongo, kizazi baada ya kizazi, na wenye kibanja wakifa huzikwa humohumo. Kaburi linalokuogopesha usiku ni la baba mkwe wako. Umesema mwenyewe kwamba mnyauko uliiingia migomba yao, na kwamba mama peke yake alishindwa kukata migomba iliyougua na kuunguza panga kwa moto kila baada ya mgomba mmoja ili ugonjwa usihamie mwingine. Mwanamume aliyeacha mshahara Tanga akarudi kuyafanya hayo kando ya kaburi la baba yake hajabadilika. Wahenga wetu wa pwani walisema mkataa kwao mtumwa, na mumeo hakukataa kwao.

Nije kwenye magoti. Kama ungeandika kwamba dini ndiyo inayokuzuia kupiga magoti, ningekushauri umweleze mumeo, naye angekwenda kuzungumza na mama yake kwa adabu, na sidhani kama wangeshindwa kuelewana. Lakini hukuandika dini, umeandika utumwa. Basi nikukumbushe kitu ambacho kila mtoto wa Tanga hukitamka kabla hajajua kuhesabu. Shikamoo maana yake ni kushika miguu. Kila asubuhi ulimi wako ulikuwa ukishika miguu ya bibi, ya shangazi na ya muuza maandazi, na hukujiona mtumwa hata siku moja, kwa sababu ulijua kwamba heshima hiyo ingekurudia uzeeni. Wahaya wanakifanya kwa mwili kile unachokifanya kwa maneno. Hata ile kahawa kavu ya kutafuna uliyoikataa siku ya kwanza, kwa kuwa uliiona ni kitu cha wazee, ndiyo kahawa chungu na kashata ya kwenu. Mgeni huwekewa mkononi ili ajue kwamba amepokewa. Punje mbili za kahawa hulala ndani ya ganda moja, ndiyo maana watu wa huko walizitumia hata katika kuchanjia udugu wa damu. Wewe ulisukuma kisahani.

Jambo la senene limenisikitisha zaidi. Unasema mama mkwe alikuletea bakuli la senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaangwa, ukapiga kelele mbele ya wageni, na tangu siku hiyo "ananichukia". Huenda hakuna aliyekwambia kwamba zamani mwanamke wa Kihaya hakuruhusiwa kula senene. Aliwakamata, akawachambua mabawa na miguu, akawakaanga, kisha wakaliwa na wanaume. Mama wa umri wake amekulia kwenye mwiko huo au kwenye masimulizi yake, naye alichukua kitoweo ambacho mama zake walinyimwa akakuwekea wewe mkwewe. Ungeweza kusema, "Mama, asante, tumbo langu bado halijazoea," mambo yakaisha. Watu wa bara wangapi wamekuja kwetu wakamtazama pweza akining'inia sokoni kwa woga uleule, na sisi tukawacheka?

Unalalamika pia kwamba mumeo alikuficha kuhusu kuhama. Hakukuficha. Ukurasa wa kwanza umeandika kwamba siku za uchumba alikwambia yeye ni mtoto wa kiume pekee na iko siku atarudi, nawe "ulidhani ni maneno tu". Hapa sikusemi wewe peke yako, kwa maana ndoa za siku hizi nyingi zinafungwa hivyo. Kamati huketi miezi mitatu kujadili ukumbi, sare na keki, na katika kicheni pati bibi harusi hufundwa namna ya kumpikia mume na kumridhisha, lakini hakuna anayemuuliza kama amewahi kufika anakotoka mwanamume huyo, kama anajua wanasalimianaje huko, wanakula nini, na wazee wao watatunzwa na nani. Mabinti wanaolewa na mtu waliyemkuta mjini amevaa shati la kazi, wakidhani hana nyuma wala mbele. Kumbe mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Zamani somo, yule mwanamke aliyemfunda bibi harusi, alikuwa akimwambia mwari wazi kwamba unakwenda kuingia katika nyumba iliyokuwepo kabla yako, na hilo wengine walilichukia, lakini angalau hakuna aliyefika akashangaa kuikuta.

Mumeo naye ana lake, na umsomee mstari huu. Mwanamume aliyemleta mkewe mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 hana ruhusa ya kukaa barazani akacheka na ndugu zake kwa lugha ambayo mkewe haijui, asimgeukie kumwambia walichocheka. Akutafsirie. Na kama analala njaa kwako, aseme badala ya kujipitia kwa mama yake. Hata hivyo, kurasa zako nne hazina salamu hata moja ya Kihaya, baada ya miezi kumi na minne, na bibi mzee hazungumzi lugha yake uani kwake kwa makusudi ya kukuumiza.

Hukuandika kwamba unapigwa, unatukanwa au unanyimwa matumizi. Ungeandika hayo, ningekwambia ufunge mizigo leo. Kwa haya uliyoyaandika, usiondoke. Hiyo "kupumzika kwa muda" huanza na begi moja na kwisha kwa mtoto kulelewa bila baba, na watu wa Tanga tunajulikana kwa waja leo waondoka leo. Usilete msemo huo ndani ya ndoa yako.

Jumamosi hii amka mapema. Mkungu ukifika, usiupokee mlangoni. Ushike upande mmoja, mwambie mama aketi, na umwombe akufundishe kumenya. Jipake mafuta mikononi kwanza, kwa maana utomvu wa ndizi mbichi hauoshwi kwa sabuni. Pikeni ndizi na maharage katika chungu kimoja, kama apikavyo yeye, mumeo ale kwako. Jumamosi ya pili mpikie wewe wali, na nazi mwombe mama yako akutumie kwa basi pamoja na doti ya khanga. Hiyo khanga mpe mkweo kwa mikono miwili, na kama magoti hayatashuka siku hiyo, inama kiasi utakachoweza. Senene wanaanguka Novemba. Niandikie wakati huo, unieleze mkungu wa mwisho uliliwa nyumba gani.