Binti wa miaka 12, video za simu na chai ya kupunguza tumbo

Dada, umesema bintiyo wa miaka 12 hataki tena mahamri asubuhi, anashinda kwenye video za wasichana wenye kiuno chembamba, na umemkuta na pakiti ya chai ya kupunguza tumbo. Nianze na chai, maana hiyo haingoji.

Soma pakiti. Chai nyingi za aina hiyo zina sanamaki, dawa ya kuharisha. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko mwili umeshafyonza karibu nguvu yake yote kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo. Mizani hushuka kidogo, kesho yake akinywa maji inarudi, naye anaongeza kipimo. Potasiamu ikipungua sana misuli hulegea na moyo hupiga ovyo, na kwa joto letu la Machi mtoto asiyekula wala kunywa vizuri huzidiwa upesi. Iondoe nyumbani, bila kumfokea.

Muulize pia kama kuna vidonge vya kuongeza makalio. Mara nyingi huwa ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, au deksamethasoni, ambayo huvimbisha uso na kupandisha sukari na presha. Hii ya pili ikitumika kwa muda kisha ikakatwa ghafla ni hatari, kwa hivyo asiiache bila daktari.

Kuna waliokujibu kwamba Pwani tunapenda mwanamke aliyejaa, basi picha za wembamba hazitugusi. Sikubaliani kabisa. Watu wa Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, nao walipenda mwili uliojaa. Televisheni ilipofika eneo la Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari na hakupata hata mmoja aliyejitapisha ili apungue. Aliporudi 1998, walikuwa takriban 11 kati ya kila 100. Wa kwetu wanabanwa pande mbili: simu inataka kiuno, shangazi harusini anataka nyonga. Na haya yanamkuta wakati wa kubalehe, mafuta yanapoongezeka mapajani na nyongani kama inavyotakiwa. Mwambie hivyo waziwazi; kama ana somo, yaani kungwi wake, anayemwamini, naye amwambie.

Kumweleza kwamba picha zimehaririwa hakutoshi. Mwonyeshe. Msimamishe ukutani, kwenye mwanga wa dirisha. Piga picha ya kwanza simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, ya pili ukiwa mita moja na nusu, kisha ikate uso ulingane na wa kwanza. Ya karibu itaonyesha pua pana zaidi, kwa hesabu za watafiti kama asilimia 30. Pua ni ile ile, umbali ndio uliobadilika. Halafu fungua mipangilio ya kamera ya mbele uzime urembeshaji, ule unaolainisha uso. Simu nyingi huja nao umewashwa, kwa hiyo huenda mtoto hajawahi kuona picha ya uso wake mwenyewe ulivyo.

Kwenye TikTok, kaeni pamoja. Ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya mapendeleo ya maudhui, mwanzishe upya ukurasa wa video. Kisha kila video ya kupunguza mwili ikitokea, aibonyeze kwa muda na kuchagua kwamba haimvutii. Asiitazame hadi mwisho hata kwa kuichukia, kwa sababu programu huhesabu muda aliotazama. Kumnyang'anya simu moja kwa moja huwa hakusaidii. Atatazama kwa rafiki, na wewe hutajua.

Nyumbani, maneno ya "umenenepa", "umekonda" na "umekuwa mweusi" yakome, hata ya mzaha, na hata unapojisema wewe mwenyewe mbele ya kioo. Mizani iondoke chumbani. Chakula mle sinia moja, bila kumhesabia matonge.

Angalia dalili hizi: kwenda chooni kila baada ya kula, sugu kwenye vifundo vya vidole, sweta kwenye joto, kizunguzungu, kufunga sunna mfululizo kwa mtoto ambaye hakuwa na mazoea hayo, au hedhi iliyokwisha kuanza kukatika miezi mitatu. Mojawapo ikitokea, usisubiri. Mpeleke hospitali, omba apimwe potasiamu na mapigo ya moyo, na uombe mshauri nasaha siku hiyo hiyo. Akizimia au moyo ukienda mbio, nendeni kitengo cha dharura, cha hospitali ya Coast General, Mombasa, au kilicho karibu zaidi. Akitaka kuzungumza na mtu asiyemjua, 116, namba ya msaada kwa watoto, hupigwa bure, mchana na usiku.