Maswali na Majibu: Neno la Dominika Halichaguliwi

Tumsifu Yesu Kristo. Tangu Oktava ya Pasaka, zile siku nane za kwanza za sikukuu, barua na ujumbe wa simu vimerundikana mezani, na kama kawaida nusu yake ni swali moja lililobadilishiwa nguo. Nimechukua haya machache. Aliyetuma namba yake akitaka nimpigie anisamehe, jibu lake limo humu humu.

Mwalimu, mwaka huu ni Mwaka gani wa masomo? (Wengi mno, kuanzia Nzega hadi Kibondo)

A, katika ile mitatu ya masomo ya Dominika: A, B na C. Siku za juma, ambazo zina miaka miwili, ni Mwaka wa II.

Nimeshaandika hesabu yake na sitaki kuiandika tena baada ya leo. Gawa mwaka kwa tatu: ikibaki moja ni A, ikibaki mbili ni B, isipobaki kitu ni C. Kwa siku za juma, mwaka unaogawanyika kwa mbili ni wa II, usiogawanyika ni wa I. Na mwaka wa Kanisa hauanzi Januari mosi. Huu wa 2026 ulianza tarehe 30 Novemba 2025, Dominika ya kwanza ya Majilio. Mmoja wa waulizaji amejitambulisha kuwa kiongozi wa wasomaji parokiani kwake. Ndugu yangu, tumeshavuka Pasaka. Tangu Majilio mmekuwa mkisoma nini?

Nimetafuta juma la saba la Mwaka kwenye kalenda sikulioni. Februari tuliishia juma la sita, na baada ya Pentekoste kalenda inaanza na la nane. Ni kosa la uchapaji? (Kijana wa Kasulu)

Si kosa, na hongera kwa kuitazama kalenda. Majuma ya Mwaka, yaani ya kipindi cha kawaida, nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka, ni 34, lakini si kila mwaka yanaenea yote. Kinachopangwa kwanza ni mwisho: Dominika ya Kristo Mfalme lazima iwe ya 34, na mwaka huu inaangukia tarehe 22 Novemba. Ukihesabu kurudi nyuma hadi Jumatatu baada ya Pentekoste, tarehe 25 Mei, unafika juma la nane. Kabla ya Jumatano ya Majivu, tarehe 18 Februari, tulikuwa juma la sita. La saba limekosa nafasi, limeachwa. Usilitafute, wala usilisome kwa siri nyumbani ukidhani umedhulumiwa.

Kwa nini kipindi chote hiki cha Pasaka hatusomi Agano la Kale? Padre amelisahau? (Mama wa Ujiji)

Hajalisahau, mama. Kuanzia Pasaka hadi Pentekoste somo la kwanza hutoka Matendo ya Mitume, kwa sababu ndiko tunakoona Ufufuko ulivyowafanya watu waliokuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Agano la Kale mlishalisikia kwa wingi kwenye Mkesha wa Pasaka: masomo saba yamepangwa, kabla ya waraka na Injili. Kama kwenu yalisomwa matatu tu, hilo linaruhusiwa kwa sababu za kichungaji, mradi lile la kuvuka Bahari ya Shamu katika kitabu cha Kutoka lisiachwe kamwe. Kama lenyewe liliachwa ili watu wawahi kulala, basi kamuulize paroko. Mimi usinitume.

Dominika ya Utatu Mtakatifu tuna harambee ya kupaua kanisa la kigango. Kamati imependekeza somo la kwanza liwe Malaki 3:10, «Leteni zaka kamili ghalani», ili liendane na tukio na mgeni rasmi aguswe. Inaruhusiwa? (Katibu, Urambo)

Hairuhusiwi. Na kwa kuwa umeuliza kwa niaba ya kamati, nitajibu kwa kirefu ili uisomee kamati nzima.

Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, Misa ya Dominika ilikuwa na masomo mawili, yakizunguka kwa mwaka mmoja, na Agano la Kale lilikuwa halisikiki karibu kabisa siku ya Dominika. Hati yake ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 51, ikaagiza hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi, ili kwa muda wa miaka kadhaa watu wasomewe sehemu kubwa iliyo muhimu ya Maandiko. Mpango mpya ukatoka mwaka 1969: masomo matatu kila Dominika, miaka mitatu, Mathayo mwaka wa kwanza, Marko wa pili, Luka wa tatu, na Yohane akitawala hasa Kwaresima na Pasaka. Toleo la pili likafuata mwaka 1981.

Mpango huo una faida ambayo hata mapadre wengine huisahau: unamnyang'anya kila mtu uwezo wa kuchagua. Paroko hachagui, katekista hachagui, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi hachagui, na mgeni rasmi ndiyo kabisa. Tunakuja kanisani tukiwa hatujui tutapigwa wapi. Siku tutakapoanza kuchagua, kila parokia itakuwa na aya zake kumi inazozipenda, na nyingi zitahusu fedha.

Sasa Malaki wenu. Katika miaka yote mitatu, aya ile ya zaka haisomwi Dominika hata moja. Malaki mwenyewe anasomwa mara mbili. Mwaka C, Dominika ya 33, anazungumzia siku inayokuja ikiwaka kama tanuru; hilo mlilisikia Novemba iliyopita. Mwaka A, Dominika ya 31, anasema, «Na sasa, enyi makuhani, amri hii yawahusu ninyi», kisha anawachapa makuhani kwa kuwapotosha watu na kupendelea nyuso, na Injili yake ni Mathayo 23, wale wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika watu. Sijawahi kuona kamati ikiomba Malaki huyo asomwe siku ya harambee. Mwaka huu hata hivyo mapadre wamepona: Dominika ya 31 ingekuwa tarehe 1 Novemba, na siku hiyo ni Watakatifu Wote, sherehe inayochukua nafasi ya Dominika ya kawaida.

Dominika ya Utatu Mtakatifu ni tarehe 31 Mei. Injili ni Yohane 3:16-18: Mungu aliupenda ulimwengu hata akamtoa Mwanawe pekee. Kama mhubiri wenu hawezi kupata neno la kusema juu ya kutoa katika sentensi hiyo, Malaki hatamsaidia. Paueni kanisa lenu, nawaombea bati zitoshe, lakini kiti cha mgeni rasmi kisisogezwe hadi mimbarini.

Je, kwenye ndoa na mazishi si tunachagua? (Huyo huyo, kwa ujumbe wa pili)

Mnachagua ndani ya orodha ya Kanisa. Ipo orodha ya ndoa, ya mazishi, ya kipaimara. Shairi la bibi harusi, hata liwe tamu namna gani, na wasifu wa marehemu havisomwi mahali pa somo au zaburi.

Injili na somo la kwanza huwa vinaelewana, lakini somo la pili linakwenda njia yake. Nahubiri kwenye ibada bila padre na napata shida kuyaunganisha yote matatu. (Katekista, kigango kimoja wilaya ya Uvinza)

Mwalimu mwenzangu, shida hiyo unajitafutia mwenyewe. Kipindi cha kawaida somo la kwanza huteuliwa kwa ajili ya Injili. Somo la pili halikuteuliwa kwa ajili ya lolote. Ni waraka unaosomwa kwa mfululizo, Dominika baada ya Dominika. Tazama Julai ijayo. Tarehe 12, Dominika ya 15, Isaya 55 anasema mvua na theluji hazirudi mbinguni bila kuinywesha nchi, na Injili ni mpanzi wa Mathayo 13. Hao wawili ni ndugu. Katikati yupo Paulo na Warumi 8, viumbe vyote vinaugua kwa utungu. Paulo alianza sura hiyo Dominika iliyotangulia na ataimaliza Dominika ya 18, pale anapouliza ni nani atakayetutenga na upendo wa Kristo. Ukimvuta kwa nguvu akutane na mpanzi utawachosha watu. Hubiri mpanzi. Au Dominika tano mfululizo hubiri Warumi 8. Hakuna anayekukataza, na nina hakika kigango chako hakijawahi kusikia jambo kama hilo.

Umegusia pia kwamba mpanzi kusomwa Julai hakuna maana kwa mkulima wa huku, maana Julai ni vumbi tupu, mahindi yako ghalani na jembe limepumzika, wakati mbegu tunaziweka ardhini Novemba na Desemba, Majilio. Ni kweli, aliyepanga hakuwa na shamba Uvinza. Lakini Majilio unakuwa na watu walio shambani wakitazama mawingu, na unawasomea Isaya anayengoja. Mkulima wa Ulaya wakati huo yuko ndani anaota moto. Nani kati yao anaelewa zaidi kungoja?

Na jambo ambalo hukuliuliza: kwenye ibada bila padre unasoma Injili, lakini husemi «Bwana awe nanyi». Salamu hiyo ni ya shemasi na padre. Nasikia wengine mnaisema, tena kwa sauti ya kuvuta.

Padre wetu ana vigango vitatu kila Dominika, kwa hiyo tumezoea kuruka somo la pili kuokoa muda. (Sikonge)

Kupunguza masomo ya Dominika si uamuzi wa padre mmoja. Kanisa limeuacha mikononi mwa Baraza la Maaskofu. Somo la pili mara nyingi halimalizi dakika mbili. Punguzeni matangazo.

Naruhusiwa kusoma somo kwenye simu? Kitabu chetu kimechakaa. (Msomaji, Kigoma mjini)

Utangulizi wa Kitabu cha Masomo unataka vitabu viwe vya heshima, na unakataza visibadilishwe na vikaratasi walivyochapiwa waumini. Simu haikutajwa kwa sababu haikuwapo, lakini mwenye akili anajua ingetajwa upande gani. Simu hiyo hiyo dakika kumi kabla ilikuwa inakuonyesha matokeo ya mpira. Na nimeshuhudia ikiita katikati ya barua kwa Waefeso.

Kubwa kuliko heshima ni makosa. Masomo yanayosambazwa kwenye makundi ya simu mara nyingi ni ya mwaka mwingine. Mtu ananakili ya 2025, Mwaka C, anabadilisha tarehe, anaongeza maua na mikono inayosali, na kufikia Jumamosi jioni nusu ya jumuiya imejiandaa na Luka wakati kesho yake ni Mathayo. Chakaeni na kitabu. Kikipasuka, kishoneni. Kikishindikana, hiyo ndiyo sababu halali ya kufanya harambee.

Dominika ya 16 somo la kwanza ni Hekima 12. Biblia yangu haina kitabu hicho. (Wanne, maneno karibu yale yale)

Mnatumia Biblia ya Muungano ya kawaida. Nunueni yenye Deuterokanoni, yaani vitabu kama hicho cha Hekima ambavyo hiyo yenu haina.

Wazee wa kigango hawataki wanawake wasome somo. Wanasema huduma ya usomaji ni ya wanaume. (Binti, Kakonko)

Wamechelewa. Tarehe 10 Januari 2021 Papa Fransisko alibadilisha sheria, na sasa hata ile huduma rasmi ya usomaji na uakoliti, yaani utumishi wa altareni, iko wazi kwa wanawake. Kusoma tu Dominika, bila kusimikwa, walikuwa wanaruhusiwa miaka mingi kabla ya hapo. Waonyeshe wazee gazeti hili, kwa heshima, shikamoo ikitangulia.

Mume wangu ni Mmoraviani wa hapa Tabora. Kila asubuhi anasoma mistari miwili ya siku, na anasema wa kwanza hupatikana kwa kura. Ananitania kwamba wao wanamwachia Mungu, sisi tunawaachia wataalamu wa Roma. Nimjibu nini? (Mke, Tabora mjini)

Mjibu kwamba amesema kweli kuhusu kura. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728 kwa Zinzendorf, kiongozi wao, na kijitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Mstari wa Agano la Kale hupigiwa kura. Wa Agano Jipya huteuliwa na watu ili uambatane nao. Kwa hiyo nao wana wataalamu wao. Ila mimi siwezi kumcheka: mtu anayekubali neno la asubuhi ambalo hakulichagua ana jambo la kuifundisha ile kamati ya Urambo.

Makanisa mengi ya Kianglikana na Kilutheri duniani hutumia mpango wa pamoja wa masomo wa mwaka 1992, nao ulijengwa juu ya ule wetu wa 1969. Ndiyo maana jirani anaweza kurudi na Injili uliyoisikia wewe.

Nimepangwa kusoma Matendo 2 siku ya Pentekoste. Yale majina yananitisha. (Kijana, Igunga)

Yakutishe leo, yasikutishe tarehe 24. Soma kwa sauti nyumbani, mbele ya mtu asiyekuogopa: Waparthi, Wamedi, Waelami, Mesopotamia, Kapadokia, Ponto, Frigia, Pamfilia, Kirene. Usipunguze hata moja. Nimewasikia wasomaji wakifika Frigia wakaruka moja kwa moja hadi Roma, wakidhani hakuna anayefuatilia. Watu wa Pamfilia walikuwapo Yerusalemu siku ile, hawawezi kuachwa Igunga kwa sababu msomaji hakujiandaa. Na ukikwama, usicheke wala usiombe radhi. Vuta pumzi, lisome upya, endelea.

Unaweza kunitumia masomo ya mwaka mzima kwa simu? (Hawa siwataji)

Kalenda ya liturujia ipo ofisi ya parokia yako. Nenda kanunue.