Asidi ya foliki huanzwa kabla ya mimba

Dada, umeuliza kama unaweza kusubiri kliniki ya mwezi wa nne wa mimba ndipo uanze asidi ya foliki, ile vitamini ya kundi B. Hapana, huko ni kuchelewa, kama lengo ni kuzuia mgongo wazi, yaani mtoto kuzaliwa na uti wa mgongo usiofunga vizuri. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Wengi siku hizo ndiyo kwanza wanaona hedhi imepitiliza. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, tangu mnapoanza kutafuta mtoto hadi wiki ya 12. Vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki usiviache lakini, tafadhali. Na aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi amwone daktari mapema, dozi yake ni kubwa zaidi.