Wasomaji Wauliza: Namba Moja ya Nani, na Toleo la Kwanza la Mara ya Ngapi?

Barua za mwezi huu ni mafungu mawili: za wanaotaka kuhakiki komiki za mashujaa, na za wanaobishana juu ya chati za muziki. Tumezijibu pamoja kwa sababu kosa linalojirudia ni lile lile: watu hutoa hukumu kabla ya kujua kitu kilivyotengenezwa au kilivyohesabiwa.

SWALI: Wahariri, salaam. Naandika uhakiki wa komiki kwa ajili ya ubao wa klabu yetu ya wasomaji. Kila nikianza najikuta nimesimulia hadithi yote, na nafasi imekwisha. Nifanyeje? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Ndugu yetu, toleo moja la kawaida la Kimarekani lina kurasa 20 hivi za hadithi, kurasa nyingine mpaka kufikia 32 ni matangazo na barua. Hadithi hiyo inamalizika kwa robo saa. Ukiisimulia yote, umempokonya msomaji wako kile alichotaka kukinunua.

Isome mara tatu. Mara ya kwanza usishike kalamu. Mara ya pili funika maneno kwa kipande cha karatasi na ufuate picha peke yake. Je, unajua nani yuko wapi, nani kampiga nani, mlango uko upande gani? Kama pigano halieleweki mpaka usome kiputo cha maneno, mpangilio wa picha umeshindwa, hata kama kila picha ikitazamwa peke yake inapendeza. Hili ndilo kosa kubwa la komiki za mashujaa, na wahakiki wengi hulipita kwa sababu wanasoma maneno tu.

Mara ya tatu hesabu fremu, yaani visanduku vya picha. Fremu tisa ndogo zinazolingana hutoa mapigo ya ngoma, moja baada ya nyingine; picha moja iliyojaza ukurasa mzima husimamisha muda. Kisha tazama kurasa za kushoto, zile zenye namba shufwa. Unapofunua karatasi, jicho hutua hapo kwanza, kwa hiyo mwandishi mjuzi huweka mshangao wake hapo. Akiuweka ukurasa wa kulia, umeshauona kwa pembe ya jicho wakati bado unasoma wa kushoto, na umepoa. Wewe unayesomea kwenye simu, fremu moja moja, huwezi kuliona hili. Laza simu upande, ruhusu kurasa mbili zionekane pamoja, ndipo uhukumu.

Halafu taja waliotenda kazi. Mwandishi, mchoraji wa penseli, mtia wino, mtia rangi na mwandika herufi mara nyingi ni watu watano tofauti, na majina yao yamechapwa ndani. Vivuli vizito vikimeza sura za watu, chunguza wino na rangi kabla ya kumlaumu mwandishi. Ukichanganyikiwa kiputo kipi kisomwe kwanza, hapo ni mwandika herufi. Jambo hili si adabu tu. Batman alitokea mara ya kwanza katika Detective Comics namba 27 mwaka 1939, na kwa miongo mingi jina lililotajwa kama la muumbaji wake lilikuwa Bob Kane peke yake. Bill Finger, aliyeandika hadithi ile, alifariki 1974. Jina lake lilianza kutajwa rasmi pamoja na la Kane mwaka 2015. Mhakiki anayeandika jina moja tu anaendeleza dhuluma ya namna hiyo.

Ukiwa na maneno 400, tumia 60 kueleza shujaa yuko katika hali gani toleo linapoanza, na usivuke theluthi ya kwanza ya hadithi. Maneno 200 yaende kwenye mambo mawili tu uliyoyaona, kila moja na ushahidi wake: “ukurasa wa 7, fremu ya 3.” Yanayobaki mwambie msomaji kama anaweza kuanza na toleo hili bila kusoma yaliyotangulia. Hilo ndilo swali la mtu mwenye pesa ya toleo moja mfukoni.

SWALI: Nimenunua namba 1 ya shujaa ambaye mjomba wangu alimsoma miaka mingi iliyopita. Inakuwaje awe na namba 1 tena? Nimeuziwa bandia? (Msomaji, Mbale)

JIBU: Hapana, yaelekea ni halali. Wachapishaji huanza kuhesabu upya kwa sababu namba 1 huvuta wanunuzi wapya, na namba 904 huwatisha. Mwaka 2011 kampuni ya DC ilianzisha mfululizo 52 kwa mpigo, yote kwa namba 1. Hata Action Comics, alimozaliwa Superman mwaka 1938, ilikatishwa kwenye 904 ikarudi moja. Mwaka 2016 wakarudia hesabu ya zamani kwa kuruka hadi 957, na namba 1000 ikatoka Aprili 2018. Marvel nao huanza upya mara kwa mara, lakini majalada yao ya miaka ya karibuni hubeba namba ndogo yenye herufi LGY mbele yake: hiyo ndiyo hesabu ya tangu mwanzo.

Kwa hiyo katika uhakiki usiandike jina na namba tu. Ongeza mwaka mfululizo ulipoanza, la sivyo msomaji wako atanunua kitabu kingine kabisa. Mwaka utaupata kwenye maandishi madogo ya mchapishaji, aghalabu chini ya moja ya kurasa za mwanzo au nyuma ya jalada. Hapo hapo utaona kama ni chapa ya pili. Ukikuta namba ile ile ina majalada matano tofauti, ndani ni hadithi moja; nunua moja.

SWALI: Redio moja imetangaza wimbo fulani kuwa namba moja Uganda. Simu yangu inaonyesha mwingine, na rafiki yangu ana wa tatu. Nani mwongo? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Huenda hakuna mwongo hata mmoja. Kila chati ni jibu la swali lake, na tabu huanza mtangazaji anapotaja jibu bila swali.

Orodha ya Apple Music ya nyimbo 100 za Uganda hubadilika kila siku, na huhesabu waliosikiliza ndani ya huduma hiyo moja, ambao wengi wao wanailipia. Chati ya YouTube ya Uganda huhesabu wiki nzima. Ukichukua ya Jumanne asubuhi upande mmoja na ya wiki iliyopita upande mwingine, kutofautiana ni lazima. Tena usichanganye chati ya YouTube na ile namba kubwa iliyo chini ya video. Namba ile ni jumla ya dunia nzima tangu video ipandishwe: ina watazamaji wa Dubai, London na Boston pamoja na wa Jinja. Nayo “top ten” ya redio mara nyingi ni uteuzi wa mtangazaji ukichanganywa na kura za wasikilizaji. Hakuna ubaya, mradi isemwe hivyo.

Chati za nje nazo zina kanuni zake. Hot 100 ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, iliyoanza Agosti 1958, huchanganya kusikilizwa mtandaoni, kuchezwa redioni na mauzo, yote ndani ya Marekani. Wiki yake huanza Ijumaa na kwisha Alhamisi, na tangu Julai 2015 Ijumaa ndiyo siku ya kutoa muziki mpya karibu dunia nzima. Msanii anayeachia wimbo Jumatano ana siku mbili tu za kuhesabiwa katika wiki ya kwanza, kisha watu wanashangaa wimbo “umepanda ghafla” wiki ya pili. Haukupanda, umepata siku saba.

Uingereza wana hesabu nyingine. Kusikilizwa mara 100 na wanaolipa ni sawa na nakala moja kuuzwa. Kwa wasiolipa ni mara 600. Wimbo ukishazeeka na kuanza kushuka, mizani hugeuka kuwa 200 na 1,200. Ndiyo maana wimbo unaopendwa bado unaweza kuporomoka nafasi nyingi kwa wiki moja ingawa wasikilizaji hawajapungua sana. Mwaka 2017 Ed Sheeran alishika nafasi 9 kati ya 10 za juu kwa nyimbo za albamu moja, na mwaka huo huo ikawekwa kanuni kwamba msanii mkuu asiwe na nyimbo zaidi ya tatu kwenye chati kwa wakati mmoja. Hot 100 haina kikomo hicho, bali nayo huondoa wimbo uliokwisha kukaa wiki 20 ukishuka chini ya nafasi ya 50. Mtu asiyejua haya ataandika kwamba wimbo “umekufa” kumbe umetolewa kwa kanuni.

Jambo jingine: chati huonyesha nafasi, haionyeshi umbali. Wa kwanza anaweza kumzidi wa pili mara tatu, au kwa kusikilizwa mara kumi tu. Bila hesabu zenyewe, usiandike “amemwacha mbali”.

Na kwetu Uganda kuna muziki mwingi usioingia chati yoyote. Ule unaonakiliwa kwenye fleshi na memori kadi pale vibandani, mikisi za madijei zinazopigwa saluni na kwenye teksi, nyimbo zinazotumwa simu hadi simu ili kuokoa bando. Tangu Julai 2021 bando lina ushuru wa asilimia 12, na kusikiliza mtandaoni kila siku si kwa kila mtu. Kwa hiyo chati ya mtandao inaelezea vizuri zaidi masikio ya wenye data. Ukitoa maoni juu yake, anza hivi: chati ya nani, inahesabu nini, nchi gani, wiki ipi. Sentensi moja inatosha, na ubishi nusu utakuwa umekwisha.

SWALI: Eddy Kenzo aliteuliwa kuwania Grammy. Aliingia kwa idadi ya wasikilizaji? (Msomaji, Masaka)

JIBU: La. Uteuzi wa “Gimme Love”, aliouimba na Matt B na uliotangazwa Novemba 2022, ulitokana na kura za wanachama wa chama cha watu wa tasnia ya kurekodi muziki cha Marekani. Chati ni hesabu, tuzo ile ni kura. Usitumie moja kuthibitisha nyingine.

SWALI: Komiki zangu zinageuka njano na wadudu wamezianza. (Msomaji, Arua)

JIBU: Pole sana. Zile za karatasi ya gazeti zina asidi ndani yake. Njano huwezi kuifuta, unaweza kuichelewesha tu. Kila toleo litie kwenye mfuko wa polipropilini na kadi isiyo na asidi nyuma yake. Epuka mifuko laini ya PVC yenye harufu kali, hiyo hunata kwenye wino. Zisimamishe wima zikiwa zimebanana kiasi, ndani ya boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni na kuachana na ukuta, kwani unyevu na mchwa hupitia huko. Usitumie seloteipu hata kidogo.

Zenye wadudu, zifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uziweke kwenye friza wiki mbili, kisha ziache siku nzima zirudi joto la chumbani kabla ya kufungua mfuko. Ukifungua mapema, maji ya mgando yatalowesha karatasi. Na komiki mpya ya karatasi ya kung'aa ikilowa, usiiache ikauke ikiwa imefungwa: kurasa zitagandana moja kwa moja. Weka karatasi nyeupe kavu kati ya kurasa ikiwa bado mbichi, ubadilishe kila baada ya muda.

SWALI: Mimi na dada yangu tumechora shujaa wetu kwa Kiswahili, kurasa 22. Tunataka kuchapisha Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa Kampala. Tujihadhari na nini? (Msomaji, Busia)

JIBU: Hongereni. Kwanza, kurasa ziwe 20 au 24. Kitabu kinachobanwa pini katikati hukunjwa, kila karatasi hutoa kurasa nne, na 22 haigawanyiki kwa nne. Kwa ukubwa wa A5, kurasa 24 ni karatasi sita za A4. Ongezeni milimita 3 za mchoro kila upande ili kisu kisiache mstari mweupe, na maneno yakae angalau milimita 5 ndani ya ukingo. Skani iwe nukta 300 kwa inchi. Herufi ziwe nyeusi tupu, si weusi wa kuchanganya rangi nne. Rangi zikipishana hata nusu milimita, herufi hupata kivuli na hazisomeki. Ombeni nakala moja ya majaribio, mwikunje na kuisoma juani, kabla ya kuruhusu 200.

Pili, na hapa ndipo komiki nyingi za Kiswahili huharibika: maneno yetu ni marefu. “Wameshatuzingira!” ni neno moja la herufi 16. Kiputo chembamba kama vya Kiingereza hakilibebi. Andikeni maneno kwanza, choreni kiputo kipana kuyazunguka, kisha ndipo mchore mtu. Ikibidi kukata neno, kateni mahali viungo vyake vinapoachana: “Wamesha-tuzingira”, kamwe isiwe “Wameshat-uzingira”. Mazungumzo yasizidi maneno 20 kwa kiputo.

Tatu, milio. Acheni kunakili milio ya Kimarekani wakati lugha yetu ina yake. Mtu huanguka pu! Huanguka matopeni tapwi! Hutumbukia ziwani chubwi! Shujaa wenu akitumbukia Ziwa Victoria, ichoreni hiyo chubwi kubwa, herufi zake zikilowa na kuruka pamoja na maji.